Ndizi, zabibu au chupa ya kigeni? Swali la divai ya mapovu nchini Burundi

Katika kumbi za harusi za Bujumbura, chupa yoyote inayolia kizibo kinapotoka huitwa shampeni. Huenda ikawa Champagne halisi ya Ufaransa, cava ya Hispania, Cap Classique ya Afrika Kusini, au divai ya bei nafuu iliyopulizwa gesi kiwandani. Pengine ni maji ya zabibu tu yasiyo na kileo, hasa pale wageni wengi wanapotoka Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi na wazungumzaji wa Kiswahili. Bei ya chupa moja inaweza kuwa mara kumi ya nyingine, na mezani zote zinabeba jina lilelile.

Mkanganyiko huo umeingia hata katika mazungumzo ya uchumi. Wapo wanaosema Burundi, nchi ya migomba, haina sababu ya kuagiza furaha yake ya harusi kutoka Ulaya. Wengine hutamani mashamba ya mizabibu kama ya Dodoma, Tanzania. Wengine tena huona mambo hayo ni ya wenye viwanda, si ya familia yenye kipande cha mlima na ng'ombe mmoja. Kila upande unazungumzia kitu tofauti, na neno "endelevu" linatupwa katikati bila kuelezwa. Hapa hoja hizo zinatenganishwa na kupimwa moja baada ya nyingine.

Mapovu yanatoka wapi

Hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili: kileo na gesi ya kaboni. Katika divai ya kawaida gesi huachwa itoroke. Katika divai ya mapovu hufungiwa ndani, na tofauti zote za bei na ubora huanzia kwenye namna ya kuifungia.

Njia ya Champagne ndiyo ngumu kuliko zote. Divai iliyokwisha kuchacha huongezewa sukari na hamira, ikafungwa kwenye chupa, ikachacha mara ya pili humohumo. Gramu 24 hivi za sukari kwa kila lita huzaa mgandamizo wa karibu baa 6, zaidi ya mara mbili ya ule wa tairi la gari dogo. Njia ya pili hufanya uchachuaji huo wa pili ndani ya tangi kubwa la chuma, kisha divai hutiwa kwenye chupa kwa mashine zisizoruhusu gesi itoke. Ya tatu, ya kale kuliko zote, hufunga chupa kabla uchachuaji wa kwanza haujaisha. Mapovu huwa machache na divai huwa na ukungu kidogo. Ya nne ni kupuliza gesi kama inavyofanywa kwenye soda.

Sheria za Ulaya huanza kuita kinywaji divai ya mapovu pale mgandamizo wake unapofika baa 3. Kati ya baa 1 na 2.5 huhesabiwa kuwa divai ya nusu mapovu. Mpaka huo unaonekana kuwa jambo la wanasheria, lakini kwa Burundi ndio unaoamua mengi, kama itakavyoonekana tukifika kwenye chupa.

Kuna pia suala la jina. Champagne ni jina la eneo la Ufaransa, lililotambuliwa rasmi kuwa jina la asili la kinywaji hicho mwaka 1936. Burundi ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, na mkataba wa TRIPS wa shirika hilo huyapa majina ya divai yanayotokana na maeneo kinga ya ziada, ingawa nchi maskini zaidi zimepewa muda hadi 2034 kuutekeleza kikamilifu. Mzalishaji wa Bujumbura anayeota soko la nje hana faida ya kuandika shampeni kwenye lebo. Vilevile, kwa ufafanuzi wa Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Divai, divai pasipo maelezo mengine ni ya zabibu. Ya ndizi inabidi itajwe wazi kuwa ni divai ya ndizi.

Burundi inaanzia wapi

Haianzii sifuri. Kwenye milima mingi ya nchi, sehemu kubwa ya ndizi haiendi jikoni. Inaishia kwenye mtungi. Mikungu huivishwa ndani ya shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya migomba. Ndizi humenywa, zikakandwa pamoja na nyasi hadi zitoe maji matamu, umutobe, ambayo ni kinywaji kamili kabla hayajachacha. Maji hayo huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa kwenye umuvure, mtumbwi wa mti, kwa siku chache. Yakiongezwa maji huwa urwarwa. Yasipoongezwa huwa insongo, kali zaidi. Hakuna mahari, msiba wala kuapishwa kwa mushingantahe, mzee msuluhishi wa kijiji, kunakokamilika bila kinywaji.

Udhaifu wa urwarwa ni muda. Baada ya siku chache huanza kuwa siki, kwa hiyo mwenye migomba huuza kwa jirani, wiki hiyohiyo, kwa bei ya wiki hiyo. Wote wakivuna pamoja, bei huanguka. Hapo ndipo wazo la chupa linapopata nguvu: chupa inampa mkulima nafasi ya kusubiri, na nafasi ya kupeleka mzigo mbali.

Hofu ya wanunuzi ina sababu zake pia. Wengi huweka divai ya ndizi na kanyanga, pombe kali inayopikwa kwa mvuke, kwenye kapu moja, ilhali ni vitu viwili. Uchachuaji wa tunda huzaa methanoli kidogo sana. Hatari kubwa huja pale pombe inapokolezwa kwa kupikwa kwa mvuke, au pale mtu anapochanganya spiriti za viwandani kusudi. Divai ya ndizi iliyochachushwa tu haina mlango huo, ila ina milango mingine: vyombo vichafu, maji yasiyo salama, na bakteria wa siki.

Juu ya yote iko ardhi. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 na zaidi ya watu milioni 12, wengi wao wakiishi kwa kulima vipande visivyofika hekta moja. Kinywaji chochote kinachohitaji shamba jipya kinashindana na maharage, mihogo na viazi.

Msimamo wa kwanza: zabibu, kama Dodoma

Wanaotaka mizabibu wana mfano karibu. Dodoma ilianza kupata zabibu zake kupitia wamisionari wa Bihawana mwaka 1957. Leo mkoa huo unavuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mzabibu wa tropiki haulali majira ya baridi. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Miongoni mwa aina zake imo Chenin Blanc, na hii si aina ya kudharauliwa kwa mapovu. Mwaka 1971 familia ya Malan kwenye shamba la Simonsig, Stellenbosch, ilitengeneza Kaapse Vonkel, divai ya kwanza ya Afrika Kusini iliyochachushwa mara ya pili ndani ya chupa, na Chenin Blanc ndiyo iliyoanza nayo. Kutoka hapo kikazaliwa kizazi kizima cha divai zinazoitwa Cap Classique.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba zabibu hubeba tindikali na sukari kwa uwiano ambao divai ya mapovu inauhitaji, na mnunuzi wa kigeni anaielewa divai ya zabibu bila mafunzo.

Udhaifu wake ni mvua. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, kisha ukame mrefu. Bujumbura, kwenye uwanda wa Imbo, hupata karibu milimita 800, zikitawanyika kuanzia Oktoba hadi Mei, na milimani hunyesha zaidi. Majani ya mzabibu yanayokesha na unyevu huvamiwa na ukungu, na ukungu hudai kupigwa dawa, kwa kawaida za shaba na salfa hata kwenye mashamba yanayojiita ya kikaboni. Shaba hiyo haiozi. Hujilimbikiza kwenye udongo. Juu ya hayo, mzabibu hungoja miaka miwili au mitatu kabla ya mavuno ya maana, na familia yenye nusu hekta haina miaka mitatu ya kungoja.

Dodoma yenyewe inatoa onyo jingine. Kiwanda cha divai cha umma, DOWICO, kilipokufa, wakulima walibaki na zabibu zisizo na mnunuzi, kwa kuwa tunda hilo haliwezi kukaa ghalani. Mizabibu bila kiwanda karibu ni deni.

Msimamo wa pili: kuipandisha hadhi ndizi

Upande huu husema zao tayari lipo. Mfano wake uko Arusha: Banana Investments, kampuni ya familia iliyoanzishwa na Adolf Olomi mwaka 1993, imeifanya divai ya ndizi kuwa bidhaa ya rafu za madukani, ikiwa na jina la Raha miongoni mwa mengine. Kilichokuwa kinywaji cha nyumbani kimepata lebo, vipimo na wasambazaji, na wakulima wa ndizi wakapata mteja wa kudumu.

Kimazingira, mgomba una hoja nzito. Hauhitaji kulimiwa upya kila msimu, majani yake hufunika udongo, na kwenye miteremko mikali ya Burundi kifuniko hicho huzuia mmomonyoko. Chini yake huota maharage na magimbi. Maganda hulisha ng'ombe, samadi ikarudi shambani. Kilimo cha namna hii ndicho ambacho mashamba mengi ya divai ya Ulaya sasa yanajaribu kukirejea kwa gharama kubwa, kwa kupanda nyasi na mikunde katikati ya mizabibu.

Lakini hoja hiyo ina nyufa tatu.

Ya kwanza ni ladha. Maji ya ndizi yana tindikali ndogo, na mapovu bila ukali kidogo huwa kama soda iliyopoa. Hilo linatibika kwa kuchanganya maji ya pasheni au nanasi, matunda ambayo Burundi inayo, ila mchanganyiko sharti upimwe, usikisiwe.

Ya pili ni moto. Baadhi ya watengenezaji huchemsha ndizi kwa muda mrefu ili kupata maji yake, na hapo kuni huteketea. Ukandaji wa Kirundi wa kutumia nyasi una faida ambayo haisemwi vya kutosha: ndizi za pombe, zenye ukakasi, hutoa maji maangavu bila kupikwa. Tatizo lake ni usafi wa mikono na nyasi, nalo linaweza kurekebishwa kwa mashine rahisi za kukandia.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: magonjwa. Ugonjwa wa virusi unaokunja na kubana majani ya mgomba umelisumbua bonde la Rusizi tangu miaka ya 1980. Mnyauko bakteria, uliolipuka Uganda mwaka 2001, ulifika Burundi mwaka 2010. Pisang Awak, mojawapo ya ndizi za pombe zilizoenea katika ukanda huu, hushambuliwa kwa urahisi, kwa sababu wadudu hubeba bakteria hadi kwenye ua la chini ya mkungu. Dawa ya kunyunyiza haipo. Kinga ni kulivunja ua hilo mapema kwa kijiti chenye panda, kusafisha kisu kwa moto au jiki, na kung'oa shina lililougua. Kiwanda kinachotegemea ndizi kikiwaachia wakulima kazi hiyo bila msaada kinajenga juu ya mchanga.

Msimamo wa tatu: kuwaachia wakubwa

Brarudi ipo Bujumbura tangu 1955, ikimilikiwa kwa sehemu kubwa na Heineken na serikali ikiwa mbia. Ina maabara, magari ya usambazaji, na mfumo ambao kila mnywaji anaujua: huondoki na chupa ya Primus ya sentilita 72 au Amstel ya sentilita 65 bila kurudisha tupu au kulipia. Kampuni ya namna hii ikitaka kutengeneza divai ya mapovu kwa njia ya tangi, ingefanya kwa miezi kile ambacho familia ingefanya kwa miaka. Ni miongoni mwa walipakodi wakubwa wa nchi, kwa hiyo serikali nayo ina sababu ya kuipendelea.

Miaka ya karibuni imeonyesha upande wa pili. Uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta umeifanya hata bia iadimike mitaani, kwa sababu kimea na vipuri hununuliwa nje. Kiwanda kikubwa ni imara pale tu bandari, benki na malori vinapofanya kazi. Kinywaji kinachoagizwa kiko taabani zaidi: kila chupa kutoka Ulaya hushuka Dar es Salaam, kisha husafirishwa zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara, au kwa reli hadi Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika. Na chupa hizo si nyepesi.

Chupa, kuni na maji

Mijadala mingi huishia shambani, ilhali hapa ndipo uendelevu unapopatikana au kupotea.

Chupa ya Champagne ilikuwa na uzito wa gramu 900. Tangu 2010 wazalishaji wa eneo hilo walianza kutumia ya gramu 835, ili kupunguza hewa chafu ya viwanda vya kioo na usafirishaji. Hata baada ya kupunguzwa, chupa bado ni nzito kuliko mililita 750 za divai iliyomo. Drappier, nyumba ya kifamilia iliyoko Urville, ilijitangaza mwaka 2016 kuwa ya kwanza Champagne kufidia hewa ukaa yake yote, lakini hata nyumba yenye dhamira kama hiyo haiwezi kuukwepa uzito wa kioo. Baa 6 zinadai ukuta mnene. Chupa hizo hazirudishwi kiwandani kwa urahisi, kwa kuwa ufa mdogo usioonekana unaweza kuzilipua.

Kwa familia ya Burundi, chupa kama hiyo ingeagizwa kwa dola ambazo benki haina. Chupa ya bia, kwa upande mwingine, ni nyepesi, huoshwa na kujazwa mara nyingi, na mtandao wa kuikusanya upo mpaka kwenye vibanda vya Kamenge na Kanyosha. Haiwezi kubeba baa 6, lakini inaweza kubeba nusu mapovu, chini ya baa 2.5, kwa kizibo cha kawaida cha chuma. Ule mpaka wa sheria za Ulaya unakuwa msaada: kinywaji cha mapovu machache hakihitaji kioo kizito, waya wala kizibo cha gome la mti. Njia ya mkato ya vifungashio vya plastiki imebanwa tangu agizo la Agosti 2018 dhidi ya mifuko na vifungashio hivyo, na viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku Tanzania mwaka 2017 vinaonyesha kanda nzima inaelekea wapi.

Moto unafuata. Nchi ambayo karibu kila jiko linategemea kuni na mkaa haiwezi kuongeza tanuri jingine la kuni ikaliita endelevu. Hapa tena Arusha inafundisha. Kupitia mpango wa utafiti wa Bio-Innovate, majitaka ya kiwanda cha Banana Investments yalianza kupitishwa kwenye mtambo wa bayogesi kisha kwenye ardhioevu ya kutengenezwa, ili uchafu uliokuwa mzigo utoe nishati.

Majitaka hayo si jambo dogo kwa Bujumbura. Maji yenye sukari na machicha yakiingia mtoni, bakteria huyala na kumaliza oksijeni. Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha yote humwaga maji Ziwa Tanganyika, na ziwa hilohilo ndiko Regideso, shirika la maji na umeme, linakochota maji ya jiji. Mkataba wa nchi nne zinazolizunguka wa kulitunza ulitiwa saini mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura. Mtengenezaji wa divai anayemwaga majitaka mferejini anaharibu maji atakayooshea chupa kesho.

Familia ina nguvu gani, na inakwama wapi

Sifa ya biashara ya familia ni uvumilivu. Simonsig na Drappier zimepita vizazi, na uamuzi wa leo hufanywa kwa kuwafikiria wajukuu. Familia pia hujua mgomba upi umeanza kunyauka kabla mtaalamu hajafika.

Lakini mashamba hayo ya Stellenbosch na Champagne ni ya makumi ya hekta na zaidi. Kuyafananisha na kaya ya Burundi ni kujidanganya. Kaya moja haiwezi kununua kipima mgandamizo, kulipia vipimo vya Ofisi ya Viwango ya Burundi, BBN, na kungoja miezi chupa zikomae huku karo inadaiwa. Gharama hizo hazipungui sana hata uzalishaji ukiwa mdogo.

Mfano wa karibu zaidi ni kahawa. Vituo vya kuoshea kahawa vya vyama vya ushirika, vilivyoungana chini ya COCOCA tangu 2012, huchukua mazao ya mamia ya kaya, kila moja na miti yake michache, na kuyapa ubora unaofanana. Kila familia hubaki na shamba lake. Mashine ndiyo ya wote. Kasoro ya mpango huo inajulikana pia: malipo yakichelewa, mkulima hurudi kwa mchuuzi wa pembeni, na kituo hubaki bila mzigo.

Kuna gharama nyingine isiyo ya kiufundi. Kila lita inayofungwa kwenye chupa ni ndizi zilizoacha kuwa chakula na kileo kilichosafiri mbali na macho ya wazee wa kijiji. Umutobe uliosafishwa na kutiwa mapovu bila kuchachushwa ungepunguza uzito wa hoja hiyo, na ungeuzika hata Buyenzi, ingawa sukari yake hudai kupashwa moto ili isichache rafuni.

Muhtasari wa mizani

Zabibu zina faida ya ladha na jina, lakini Burundi ina mvua nyingi na ardhi kidogo kwa zao hilo. Zinafaa kwa majaribio ya uwanda wa Imbo, si kwa matumaini ya kaya za milimani. Viwanda vikubwa vina chupa, maabara na masoko, lakini vimefungwa kwenye fedha za kigeni na mafuta. Ndizi zina shamba linalolinda udongo na ujuzi uliokwishakuwepo. Zinapungukiwa tindikali, usafi wa utengenezaji, na kinga dhidi ya magonjwa.

Kwa vigezo hivyo, njia yenye uwezekano mkubwa ni divai ya ndizi ya nusu mapovu, iliyochanganywa na pasheni au nanasi, iliyokandwa bila kuchemshwa, na kutiwa kwenye chupa ya bia inayorudi. Uchachuaji na ujazaji ufanywe kwenye kituo cha ushirika chenye mtambo wa bayogesi, huku familia zikibaki na mashamba na jukumu la kuulinda mgomba. Divai ya baa 6 ya mtindo wa Champagne iachwe hadi kioo na mtaji vipatikane.

Yapo matatu ambayo wakulima hawawezi kuyaamua wenyewe: wenye chupa za bia kukubali zitumiwe na wengine kwa makubaliano, BBN kuweka gharama za vipimo ambazo kituo kidogo kinazimudu, na mamlaka ya mapato kuiweka divai ya matunda ya ndani katika kundi la ushuru linalojulikana kabla mtu hajanunua tangi la kwanza.